Safari ya Kwenda Ziwa Lililochimbwa na Barafu

Mtu wa Rodi Kopany hana haja ya kufundishwa ziwa ni kitu gani. Kutoka njia panda hiyo, mahali ambapo barabara ya Rongo na Homa Bay hukutana na ile iendayo Ndhiwa hata Karungu, si mbali kufika Nam Lolwe, ambalo katika ramani huandikwa Ziwa Victoria. Akipenda kuona ziwa la namna nyingine, huenda Kendu Bay akatazame Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la maji ya magadi ambalo wazee husimulia kuwa ni kijiji kilichozama kwa sababu ya kumfukuza ajuza mgeni siku ya karamu. Wataalamu wa mawe nao husema kwamba shimo lake lilipasuliwa na moto wa chini ya ardhi. Lakini liko ziwa la namna ya tatu ambalo wengi wa ziwani hawajaliona, nalo ni ziwa lililochimbwa na barafu. Maziwa ya jinsi hiyo yako papa hapa nchini, juu ya Mlima Kenya, na mkulima au karani aliyejiwekea akiba kidogo aweza kuyafikia kwa miguu yake mwenyewe.

Swali liulizwalo kwanza na kila atakaye kwenda ni hili: aende majira gani? Ni swali zuri, nalo lina jibu. Walakini liko swali lililo kubwa kuliko hilo, ambalo watu wachache huuliza, nalo ni kwamba ana siku ngapi. Juu ya mlima ule, mvua humlowesha mtu, bali haraka humwua.

Jinsi Barafu Ilivyochimba

Mlima Kenya hapo kale ulikuwa mlima wa moto. Moto ulipozimika ukabaki mlima mrefu sana, na hata leo kilele chake kikubwa, kiitwacho Batian, kina mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Nchi ya Rodi haizidi sana usawa wa Nam Lolwe, ambao ni mita 1,134 hivi. Kadiri mtu apandavyo juu ndivyo joto lipunguavyo, na kule juu kabisa mvua haianguki kuwa maji, bali huwa theluji. Watu wa ziwani huijua barafu kwa ile mvua ya mawe ambayo kwa Kijaluo huitwa pe, nayo huyeyuka kabla watoto hawajamaliza kuiokota. Kule mlimani theluji ilirundikana mwaka hata mwaka bila kuyeyuka, ikagandamana, ikawa barafu nene. Na kwa uzito wake ikaanza kuteremka polepole sana, kama uji mzito uteremkao ubavuni mwa chungu. Barafu iendayo namna hiyo huitwa mto wa barafu.

Mto wa namna hiyo hauchimbi kama mto wa maji. Hukokota mawe chini ya tumbo lake, na kwa mawe hayo hukwangua mwamba kama randa ya seremala ikwanguavyo ubao. Yapata miaka 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa baridi kuliko sasa, mito ya barafu ya Mlima Kenya ilishuka hata chini ya mita 3,500. Dunia ilipopata joto, barafu ikarudi juu, ikaacha nyuma yake mabonde mapana, marundo ya mawe na mashimo katika mwamba. Maji yakayajaza mashimo hayo, na hayo ndiyo maziwa yenyewe.

Katika maziwa hayo, lisifiwalo sana kwa uzuri ni Ziwa Michaelson, lililo upande wa mashariki, katika bonde ambalo Mto Nithi huanza safari yake. Liko karibu mita 4,000 juu ya bahari. Juu yake umesimama ukuta wa mwamba mrefu wa mita 300 hivi, na mtu asimamaye ukingoni mwa ukuta ule huliona ziwa chini yake kama sahani ya maji meusi iliyowekwa katikati ya majani. Chini zaidi, karibu mita 3,500, liko Ziwa Ellis, ambalo ni rahisi kufikia. Juu zaidi, karibu mita 4,300, viko vidimbwi viitwavyo Hall Tarns.

Majira ya Kwenda

Mkulima wa Rodi huhesabu mwaka kwa chwiri, opon na oro, yaani mvua kubwa, mvua ndogo na kiangazi. Mlima nao hauko mbali na hesabu hiyo. Mvua kubwa huanza katikati ya Machi, ikaendelea hata Mei na pengine Juni. Mvua ndogo huanza Oktoba, ikafika Desemba. Basi nyakati njema za kwenda ni Januari na Februari, tena Julai hata Septemba. Yafaa kukumbuka kwamba upande wa mashariki, ambako ndiko njia ya Ziwa Michaelson iliko, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi.

Nyakati hizi mbili zaelekeana vema na kazi za shamba. Januari shamba halijaanza kudai jembe. Agosti mahindi ya chwiri yamekwisha vunjwa au yako karibu kuvunjwa, na mwenye watu wa kumsaidia nyumbani aweza kuondoka kwa siku chache. Karani naye na aombe likizo yake mapema, maana Agosti na Desemba wenye watoto wa shule huomba wote pamoja.

Je, mtu asiyeweza kuondoka ila Aprili au Novemba, safari yake imekwisha? La. Njia haifungwi kwa sababu ya mvua, na wako watu wapandao kila mwezi. Lakini na ajue atakalolikuta. Barabara ya kupita msituni kutoka mji wa Chogoria hugeuka kuwa tope, na motokaa zisizo na nguvu katika magurudumu yote manne hukwama. Nguo zikilowa hazikauki. Ukungu huweza kulifunika ziwa asilione hata akisimama kando yake. Basi mwenye kwenda wakati wa mvua na aongeze siku moja ya kungoja, tena aanze mwendo alfajiri, kwa kuwa asubuhi mara nyingi huwa nyeupe na mawingu hupanda kuanzia saa tano au sita mchana.

Na hata katika kiangazi, asidhani kwamba ataepuka baridi. Kwa kuwa mlima uko karibu sana na mstari wa ikweta, hapana miezi ya baridi na miezi ya joto kama ilivyo Ulaya. Kila siku ina joto lake na kila usiku una baridi yake. Mchana jua huchoma ngozi hata ya mtu aliyezoea kulima, na usiku maji ya sufuria hugeuka barafu nje ya hema. Mwezi wowote atakaokwenda, yampasa kufunga mzigo wake kwa ajili ya hali zote mbili.

Hesabu ya Siku

Kutoka Rodi, msafiri hupanda matatu kwenda Kisii, na kutoka huko husafiri kwa njia ya Narok mpaka Nairobi. Hiyo ni siku ya kwanza. Siku ya pili hutoka Nairobi, akapita Embu na Chuka, akafika Chogoria, mji mdogo chini ya mlima. Hulala hapo, akaonana na waongozi na wachukuzi. Asimchukue mtu kwa maneno matupu. Na aombe kuona kadi yake ya kazi, na bei ielezwe yote kabla ya kuondoka: ujira wa kila siku, chakula, na motokaa ya kupanda na kurudi. Mlima huo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1949, na ada ya kuingia hulipwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori kwa njia ya eCitizen. Raia wa Kenya hutozwa kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje, kwa hiyo kitambulisho kisisahauliwe nyumbani.

Siku ya tatu hupita msituni, katikati ya miti mikubwa na mianzi, mpaka lango la hifadhi lililo karibu mita 3,000. Hulala hapo. Msitu huo una tembo na nyati, basi asitembee peke yake. Siku ya nne hutembea polepole mpaka upande wa Ziwa Ellis, akapiga hema. Siku ya tano hupanda mpaka Ziwa Michaelson. Siku ya sita hubaki huko akaliangalia ziwa, na mwenye afya aweza kupanda mpaka Hall Tarns, kisha akarudi chini kulala. Siku ya saba huteremka mpaka lango, ya nane hufika Nairobi, na ya tisa huwa Rodi kwa watu wake.

Jumla ni siku tisa. Wengi wakisikia hesabu hiyo hucheka. Husema kwamba karani hana siku tisa, na kwamba kijana mwenye nguvu aweza kuondoka Ijumaa, akaliona ziwa Jumapili, na Jumanne akawa mezani pake. Ni kweli kwamba miguu yaweza. Lakini kifua na kichwa haviwezi, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Hewa Nyembamba

Kule ziwani, mita 4,000 juu ya bahari, hewa ni nyembamba. Pumzi tatu avutazo mtu huko zina nguvu ya pumzi mbili tu za Rodi. Mwili waweza kujizoeza, ila hutaka muda. Ndiyo maana waganga hushauri kwamba mtu apitapo mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali alipolala jana na mahali atakapolala leo. Hesabu ya siku tisa iliyotajwa hapo juu imefuata shauri hilo. Kijana mwenye nguvu za kupanda Got Asego mbio asubuhi na jioni amejenga miguu yake, na ni jambo jema. Lakini hakuuzoeza mwili wake hewa ya mlimani hata kidogo. Tena mara nyingi ni yeye, aliye mwepesi wa mwendo, atanguliaye kuugua.

Ugonjwa huo huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Mtu akiona dalili hizo na abaki alipo, asipande tena mpaka zimwondoke. Zikizidi, na ateremke. Lakini akianza kukohoa mapovu, au kutweta hali ameketi, au kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyo na maana, hapo hapana tena kungoja asubuhi. Ni sharti ateremshwe papo hapo, hata ikiwa ni usiku, hata akikataa, maana maji yamo katika mapafu yake au ubongo wake umevimba. Wako waliokufa ndani ya hema kwa kuwa wenzao waliwahurumia, wakawaacha walale.

Yako mambo mawili yawahusuyo hasa watu wa nchi za ziwani. La kwanza ni malaria. Mtu wa Homa Bay au Migori akiumwa kichwa na kutapika, neno la kwanza limjialo ni malaria. Humeza vidonge, akajifunika blanketi, akalala. Nyumbani huenda akawa amefanya sawa. Mlimani kosa hilo laweza kumtoa roho. Ni kweli kwamba malaria aliyoibeba kutoka nyumbani yaweza kumshika huko, na vidonge vyake na avichukue. Ila aumwaye juu ya mita 3,000 yampasa kuteremka kwanza, kisha ndipo aulize ugonjwa ni gani. Kuteremka hakumdhuru mwenye malaria, na humponya mwenye ugonjwa wa mlima.

La pili ni selimundu, ule ugonjwa ambao chembe za damu hupinda kama mundu. Urithi huo umeenea katika nchi za malaria, pamoja na kandokando ya Nam Lolwe, kwa kuwa mtu aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwenye ugonjwa wenyewe, yaani aliyerithi kwa wazazi wote wawili, asiende mlimani, kwa kuwa hewa nyembamba huamsha maumivu makubwa na yaweza kumwua. Aliyerithi kwa mzazi mmoja mara nyingi ni mzima na hajui kwamba anao. Hata hivyo wameonekana watu wa jinsi hiyo waliodhurika wengu mahali palipo juu sana. Damu hupimwa hospitalini kwa urahisi. Basi kabla ya kununua viatu vya safari, yafaa mtu apimwe damu na kuonana na mganga. Na aliye mlimani akishikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na ateremke mara moja.

Vitu vya Kuchukua

Mzigo usiwe mkubwa, lakini vitu hivi visikosekane: viatu imara vilivyokwisha valiwa nyumbani, soksi za sufu, sweta mbili, koti lisilopitisha mvua, kofia ya kufunika masikio, glovu, na kofia nyingine ya jua. Mfuko wa kulalia uwe wa baridi kali. Asiye nao aweza kukodi Nairobi au kwa waongozi. Tochi na betri za akiba, miwani ya jua, mafuta ya kujipaka. Chakula kiwe cha kupikika upesi, kwa sababu maji ya kule huchemka kabla hayajawa moto sawasawa, na maharagwe makavu hayataiva hata usiku uishe. Maji ya kunywa yachemshwe.

Moto wa kuni usiwashwe. Katika kiangazi cha mwaka 2012, na tena mwaka 2019, moto mkubwa uliunguza nyika za juu ya mlima huo. Majani ya kule hukua polepole sana, na moto uliowashwa kwa ajili ya birika moja waweza kuteketeza yaliyochukua miaka mingi. Pika kwa jiko la gesi, na takataka zote zirudishwe chini.

Atakaloliona

Anayekwenda kwa subira hulipwa. Karibu na ziwa huota mimea isiyofanana na kitu chochote cha Nyanza. Uko mmea uitwao lobelia, ambao majani yake yamepangwa kama bakuli na kushika maji. Usiku maji hayo huganda juu, na barafu hiyo huwa kama blanketi lizuialo baridi isifike kwenye chipukizi lililo chini yake. Iko pia miti minene yenye vichwa vya majani kama kabeji, iliyovikwa majani yake makavu kama koti. Pimbi hukaa mawe yote, na ndege wadogo aina ya chozi hunyonya maua. Mtu wa Nam Lolwe atauliza habari za samaki. Hatapata ngege wala omena. Trout walio katika mito ya mlima waliletwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, na kuwavua hutaka ruhusa.

Lakini barafu yenyewe inakwisha. Johann Ludwig Krapf alipouona mlima kutoka Ukambani mwaka 1849 na kuandika kwamba una theluji, wako wataalamu wa Ulaya waliokataa kuamini kwamba barafu yaweza kukaa chini ya jua la ikweta. Mwishoni mwa karne ile zilihesabiwa barafu 18. Sasa vilivyobaki ni vipande vichache. Iliyo kubwa, iitwayo Lewis, ilipoteza sehemu 9 katika 10 za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na za Mlima Kenya huenda zikatoweka kufika mwaka 2050. Mtoto aliye darasa la kwanza Rodi leo huenda akawa mtu mzima katika nchi isiyo na barafu hata moja.

Hata hivyo ziwa halitakauka kwa sababu hiyo peke yake. Maji mengi ya mlima hayatoki kwenye barafu; hutoka kwenye mvua na ukungu, ambao msitu na nyika huushika na kuuachilia polepole. Maji ya Nithi hufika Mto Tana na Bahari ya Hindi, na mito mingine ya mlima ule hujaza mabwawa ya Masinga na Kamburu, yatoayo umeme uingiao katika nyaya za nchi nzima. Barafu hakuna awezaye kuirudisha kwa mikono yake, bali msitu waweza kulindwa au kukatwa na watu.

Basi anayetaka kwenda na aende, kiangazi ikiwezekana, na masika akikosa budi. Lakini kwanza ahesabu siku zake, na akiona hazitimii tisa, asizifupishe za mlimani ili azitosheleze. Na aende Ziwa Ellis, lililo chini zaidi, akalale langoni usiku mmoja au miwili kabla ya kulipanda. Ziwa hilo nalo ni la mlima, na Michaelson litamngoja mpaka likizo nyingine. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Na mlimani mwenda pole ndiye arudiye nyumbani kusimulia.